George Moseti Anyona: Mwana wa Manga na Uhuru wa Kunena

Anayesafiri kutoka mji wa Kisii kuelekea Nyamira hawezi kukosa kuuona ukingo wa Manga. Ni genge refu la mawe lililosimama wima juu ya mashamba ya chai na migomba, na aliyefika kileleni huona nchi ya Abagusii ikiwa imetandazwa chini yake kama mkeka. Eneo hili ni la Abagetutu, au Kitutu kwa jina la kiserikali. Ni huku Kitutu ambako mwaka 1908 kijana Otenyo, aliyetiwa ari na mama mtabiri Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza, Northcote. Northcote akapona, na wenyeji wakalipishwa kwa damu na mifugo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Tombe, karibu na Manga, mwaka 1945, alizaliwa katika nchi ambayo tayari ilikuwa na kumbukumbu ya gharama ya kumkabili mwenye nguvu. Mtoto huyo ni George Moseti Anyona.

Anyona hakuwa mhadhiri. Jina lake liliandikwa katika historia ya Kenya kwa sababu ya siasa, na wengi humkumbuka kama mbunge tu. Lakini yeyote anayetaka kuandika historia ya uhuru wa kunena katika vyuo vikuu vya Kenya atakutana na jina lake kila anapofungua ukurasa. Aliponyamazishwa mwaka 1979, chuo kikuu kilifungwa. Alipozuiliwa mwaka 1982, wahadhiri walimfuata kizuizini mnamo wiki chache. Alipokamatwa mwaka 1990, wawili kati ya wenzake watatu walikuwa wasomi wa chuo kikuu. Hayo hayawezi kuwa sadfa. Dola iliyoogopa ulimi wa mbunge ndiyo iliyoogopa ulimi wa mwalimu, na maisha ya Anyona ni dirisha la kuutazamia woga huo.

Aliingia Bungeni katika uchaguzi wa Oktoba 1974 kama mbunge wa Kitutu Mashariki, akiwa bado hajatimiza miaka 30 au ndiyo kwanza anaikaribia. Bunge hilo lilikuwa na sifa moja ambayo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kuikumbuka. Mnamo Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameagiza kwamba Kiswahili ndicho kitakachotumika katika mijadala ya Bunge. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, jambo lililowafanya wabunge wasome sheria kwa lugha moja na kuijadili kwa nyingine, mpaka Kiingereza kiliporudishwa mwaka 1979. Wapo waliosema kwamba agizo lile lingewafunga mdomo wabunge wasomi waliozoea Kiingereza. Ikiwa hilo lilitarajiwa na yeyote, basi halikutimia. Bunge la 1974 lilikuwa miongoni mwa mabunge machachari zaidi ambayo Kenya imewahi kuwa nayo.

Mwezi Machi 1975 Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani, na Bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo. Hapo ndipo ulipoanza ule ukaribu wa kipekee baina ya kumbi za mihadhara na ukumbi wa Bunge. Chelagat Mutai, aliyekuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi chuoni Nairobi, alikuwa sasa mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini. Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikuwa wakongwe wa hoja. Anyona alijiunga na kundi hili dogo ambalo halikuwa na chama chake wala gazeti lake. Silaha yake ilikuwa kanuni za Bunge. Alizisoma kanuni hizo kama mwanasheria asomavyo mkataba, akajua ni wapi swali laweza kupenyezwa na ni wapi waziri hawezi kukwepa kujibu.

Mnamo Oktoba 1975 Shikuku alisema Bungeni kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa kuthibitisha, Seroney, aliyekuwa amekalia kiti kama Naibu Spika, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kutiwa kizuizini. Kwa kanuni, maneno yaliyosemwa Bungeni yana kinga, na msemaji hashtakiwi kwa ajili yake. Serikali haikuwashtaki. Iliwaweka kizuizini, na kizuizi hakihitaji shtaka. Ujanja huo wa kisheria ndio kiini cha yote yaliyofuata, Bungeni na vyuoni vilevile.

Baada ya hapo wabunge wengi walishika adabu. Anyona hakushika. Alikuwa miongoni mwa wachache walioendelea kuuliza kwa nini wenzao wamezuiliwa na ni nani aliyetoa ruhusa ya kuwakamata ndani ya viwanja vya Bunge. Mwaka 1976 Chelagat Mutai alifungwa jela. Idadi ya wakosoaji ilipungua mwaka hadi mwaka, kama mishumaa inayozimwa mmoja mmoja. Mwezi Mei 1977, Anyona alipokuwa akifuatilia tuhuma za ufisadi katika ununuzi wa shirika la reli, zamu yake ilifika. Naye alikamatwa katika viwanja vya Bunge, akatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, tarehe 31 Desemba 1977, Profesa Ngũgĩ wa Thiong'o, mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichukuliwa nyumbani kwake. Kosa lake halikutajwa mbele ya hakimu yeyote, ila kila mtu alijua kwamba tamthilia ya Kigĩkũyũ iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩthũ ilikuwa imepigwa marufuku wiki chache kabla. Huyu alikuwa profesa na yule mbunge; huyu aliandika mchezo na yule aliuliza maswali ya zabuni. Wote wawili walitiwa ndani kwa sheria moja ya kuhifadhi usalama wa umma.

Kenyatta alifariki Agosti 1978. Tarehe 12 Desemba mwaka huo Rais mpya, Daniel arap Moi, aliwaachilia mahabusu wote wa kisiasa, 26 kwa idadi, na Anyona, Seroney, Shikuku na Ngũgĩ wakiwa miongoni mwao. Nchi ilishangilia. Walioachiliwa waligundua upesi kwamba mlango wa kizuizi ulikuwa umefunguliwa, lakini milango mingine ilikuwa imefungwa. Chuo Kikuu cha Nairobi hakikumrudishia Ngũgĩ kazi yake. KANU nayo ilikataa kumwidhinisha Anyona, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga na wengine, kugombea uchaguzi wa 1979. Kwa kuwa hapakuwa na chama kingine, kukataliwa na KANU kulikuwa sawa na kufutwa katika siasa. Profesa aliyenyimwa darasa na mwanasiasa aliyenyimwa kura ya turufu walikuwa katika hali moja: hawakuwa gerezani, lakini hawakuwa na mahali pa kusemea.

Wanafunzi waliliona hilo kabla ya wazee wengi. Mnamo Oktoba 1979 wanafunzi wa Nairobi waliandamana kupinga kuzuiwa kwa Odinga, Anyona na wenzao. Serikali ilikifunga chuo, na viongozi kadhaa wa wanafunzi wakafukuzwa. Ni jambo la kutafakari kwamba vijana ambao wengi wao hawakuwahi kufika Manga walipoteza masomo yao kwa ajili ya haki ya mtu wa Tombe ya kupigiwa kura na watu wa Kitutu. Mwaka uliofuata, 1980, serikali ilikipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, na tangu hapo wahadhiri wakakosa sauti ya pamoja kwa zaidi ya miaka 20.

Muundo wa vyuo wenyewe ulirahisisha mambo. Rais wa nchi ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu cha umma kwa mujibu wa sheria, na ndiye aliyemteua makamu mkuu wa chuo. Mhadhiri aliyetaka kusafiri kwenda kongamano nje ya nchi, au kufanya utafiti kijijini, alihitaji kibali cha serikali. Mbunge alikuwa na angalau kinga ya maneno, hata kama kinga hiyo ilivunjwa. Mwalimu wa chuo hakuwa na kinga yoyote isipokuwa heshima ya jamii, na heshima haizuii askari mlangoni.

Katika miezi ya mwanzo ya 1982 Odinga na Anyona walianza kuzungumzia haja ya chama cha pili. Katiba ya wakati huo haikukataza, kwa kuwa Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa mazoea na si kwa sheria. Odinga alifukuzwa KANU mwezi Mei. Mwishoni mwa mwezi huo Anyona akakamatwa tena na kutiwa kizuizini. Wakili John Khaminwa, aliyekuwa akipinga mahakamani kuzuiliwa kwa Anyona, naye alitiwa kizuizini. Tarehe 9 Juni 1982 Bunge lilipitisha kwa haraka marekebisho ya katiba yaliyoingiza kifungu cha 2A, na KANU ikawa chama pekee cha halali. Kwa kiasi fulani, kifungu hicho kilichoitawala Kenya kwa takriban miaka 10 kiliandikwa ili Anyona na Odinga wasiweze kusajili chama.

Kisha vyuo vikafuata. Mnamo Juni wahadhiri walikamatwa mmoja baada ya mwingine: Edward Oyugi, Al-Amin Mazrui na Kamoji Wachiira wa Chuo cha Kenyatta, Willy Mutunga wa sheria, Mukaru Ng'ang'a wa historia. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria wa Mau Mau, alishtakiwa na kufungwa miaka 6. Msomaji wa Kiswahili anamjua Mazrui kwa Kilio cha Haki, tamthilia yake ya 1981 kuhusu wafanyakazi wa shamba la mzungu, na kwa mashairi ya Chembe cha Moyo yaliyotoka 1988 na yanayobeba machungu ya kizuizi. Hakuwa wa kwanza katika fasihi yetu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 tangu 1969 kwa kijikaratasi cha kisiasa, na Sauti ya Dhiki ikazaliwa humo gerezani. Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi wa Ukiwa na Mafuta, naye angezuiliwa kati ya 1986 na 1988. Mtu akiuliza kwa nini gereza limejaa katika fasihi ya Kiswahili ya Kenya, jibu limo katika orodha hii.

Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 likamalizia kilichokuwa kimebaki. Wanafunzi waliokuwa wamewashangilia wanajeshi walikamatwa, na mwenyekiti wao, Titus Adungosi, alihukumiwa miaka 10. Alifia gerezani mwaka 1988. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Anyona alitoka kizuizini 1984 akaikuta nchi nyingine kabisa, ambayo watu walizungumza kwa minong'ono na ambayo darasa lilidhaniwa kuwa na masikio zaidi ya wanafunzi waliosajiliwa.

Kukamatwa kwake kwa mara ya tatu ndiko kunakoeleza zaidi. Julai 1990 ilikuwa na joto la kudai vyama vingi. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wametiwa kizuizini, na ghasia za Saba Saba zilikuwa zimeitikisa Nairobi. Tarehe 11 Julai, siku nne baada ya Saba Saba, Anyona alikamatwa pamoja na marafiki watatu: Edward Oyugi, profesa wa saikolojia ya elimu, yuleyule aliyezuiliwa 1982, Ngotho Kariuki, aliyewahi kuongoza Kitivo cha Biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Augustus Njeru Kathangu. Walikuwa wamekaa pamoja katika baa jijini, wakizungumza kama marafiki wazungumzavyo. Serikali ilidai kwamba mazungumzo hayo yalikuwa mkutano wa uchochezi. Ushahidi mwingine ulikuwa makaratasi, na miongoni mwake orodha ya majina iliyodaiwa kuwa ya baraza la mawaziri la kuichukua nchi.

Safari hii walifikishwa mahakamani, na hapo ndipo Anyona aliporudi katika uwanja alioumudu. Kesi ilidumu karibu mwaka mzima. Mahakama iligeuka kuwa Bunge lake lililopotea. Washtakiwa walieleza hadharani mateso waliyoyapata katika vyumba vya chini vya Nyayo House, mahali ambapo mahabusu waliwekwa katika seli zilizojazwa maji. Magazeti yalichapisha. Kwa miaka mingi habari za mateso zilikuwa zikisambazwa kwa siri na waliokimbilia nje. Sasa zilisomwa mezani na watu waliokuwa wakinywa chai ya asubuhi. Ikiwa lengo la kesi lilikuwa kuwanyamazisha wanne hao, basi ilikuwa kesi iliyowapa kipaza sauti. Pengine ndiyo sababu kizuizi bila mashtaka kilipendwa zaidi hapo awali.

Julai 1991 walihukumiwa kila mmoja miaka 7 gerezani. Hukumu hiyo yafaa ipimwe kwa maana yake kwa msomi. Kama mazungumzo ya marafiki wanne juu ya mustakabali wa nchi ni uchochezi, na kama orodha ya majina kwenye karatasi ni njama, basi semina ya sayansi ya siasa ni nini? Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu mabadiliko ya utawala ana tofauti gani na mshtakiwa? Sheria ya uchochezi haikutenganisha fikira na tendo, na chuo kikuu ni nyumba iliyojengwa ili fikira itangulie tendo, na mara nyingi itengane nalo kabisa.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 na mwanzoni mwa 1992 wanne hao waliachiliwa kwa dhamana wakisubiri rufaa. Anyona alianzisha chama chake, Kenya Social Congress, akarudi Bungeni Desemba 1992 kuiwakilisha Kitutu Masaba, na akarudishwa tena 1997. Mara zote mbili aligombea pia urais, na mara zote mbili kura zake hazikufika 20,000 katika nchi nzima. Hapa ndipo penye udhaifu wake. Chama chake kilikuwa mtu mmoja na wapiga kura wa jimbo moja. Mtu aliyekuwa hodari wa kusimama peke yake hakujifunza kusimama na wengine, na upinzani uliogawanyika ulimpa Moi ushindi mara mbili. Katika miaka ya mwisho ya utawala huo alionekana kuwa karibu mno na KANU, chama kilichomfunga, na baadhi ya wanaharakati waliomtetea zamani hawakumsamehe. Mtetezi wake anaweza kusema kwamba alikuwa na imani ya kupita kiasi katika Bunge na kuwashuku waliotaka mageuzi ya nje ya Bunge. Maelezo hayo yana uzito, ingawa hayaondoi lawama yote.

Imani hiyo ilizaa tunda moja lisilopaswa kusahauliwa. Mwaka 1997, baada ya maandamano na umwagaji damu, wabunge wa KANU na wa upinzani walikutana katika kundi lililojulikana kama IPPG ili kukubaliana juu ya mageuzi machache kabla ya uchaguzi. Anyona alikuwa mstari wa mbele katika mazungumzo hayo. Wanaharakati wengi waliyaona kuwa ni usaliti wa madai makubwa ya katiba mpya, na wengi wanaendelea kuyaona hivyo. Hata hivyo, miongoni mwa yaliyopitishwa ni kufutwa kwa vifungu vya uchochezi katika sheria za adhabu. Sheria iliyomfunga Abdilatif Abdalla, Maina wa Kinyatti na Anyona mwenyewe iliondolewa vitabuni na Bunge ambamo Anyona alikuwa ameketi.

Vyuo vilichelewa zaidi. Wahadhiri waliogoma kuanzia Novemba 1993 wakidai chama chao kisajiliwe hawakusajiliwa. Viongozi wao walifukuzwa kazi. Rais aliendelea kuwa mkuu wa kila chuo kikuu cha umma mpaka Moi alipoondoka madarakani Desemba 2002. Uchaguzi huohuo uliomwondoa KANU Ikulu ulimwondoa Anyona Bungeni, kwani wimbi la Simeon Nyachae na chama cha FORD-People liliifagia nchi ya Abagusii, Kitutu Masaba ikiwemo.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwezi Novemba 2003 Anyona alifariki katika ajali ya gari. Mwaka huo Rais Mwai Kibaki alikuwa ameanza kukabidhi ukuu wa vyuo vikuu kwa watu wengine, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpata Joe Wanjui. Chama cha wahadhiri, UASU, kilikuwa kimesajiliwa hatimaye. Katika mwezi uleule wa Novemba wahadhiri wa vyuo vya umma waliitisha mgomo wao wa kwanza wakiwa na chama halali, wakabeba mabango barabarani Nairobi wakidai mishahara, na hakuna aliyepelekwa kizuizini.